Besi Isikike: Namna ya Kuchagua na Kupanga Prosesa ya Besi

Bendi imeanza, ukumbi wa harusi umejaa, na nyuzi zinatetemeka vizuri chini ya vidole vyako. Unavuta waya hadi mbele ya jukwaa ili usikie wanachosikia waalikwa. Solo ipo, kinanda kipo, ngoma zipo, waimbaji wapo. Besi ni mngurumo usio na noti. Unamwashiria fundi mitambo, anaongeza sauti ya chaneli yako, mngurumo unakua, glasi zinatetemeka mezani, na bado hakuna anayeweza kusema kama unapiga G au A.

Wapiga besi wengi wakichoshwa na hali hiyo huamua kununua prosesa, yaani kile kisanduku cha kidijitali chenye kompresa, ikwalaiza, mifano ya amplifaya, okteva, korasi na mengine kibao ndani ya chuma kimoja. Uamuzi ni mzuri. Wanapokosea ni pale wanapokichagua kwa kuhesabu sauti zilizomo, kisha wanarudi jukwaani na mngurumo uleule. Mwongozo huu nimekuandikia wewe unayepiga kanisani, kwenye bendi ya dansi, taarab au sherehe, mahali ambapo mara nyingi hakuna amplifaya ya besi na waya wako unaingia moja kwa moja kwenye mikisa. Kwa mpiga besi wa namna hiyo, prosesa ndiyo amplifaya yake.

Kwa nini besi hupotea

Uzi mnene wa E ukiupiga wazi hutetemeka mara 41 kwa sekunde, yaani 41 Hz. Uzi wa B kwenye besi ya nyuzi tano hushuka hadi karibu 31 Hz. Spika nyingi za kumbi na makanisa yetu, hasa zile zenye koni ya inchi 12 au 15 zinazobeba kila kitu peke yake, hazifiki huko kwa nguvu ya maana. Simu ya muumini anayefuatilia ibada akiwa nyumbani haikaribii kabisa.

Hata hivyo noti inaweza kusikika, kwa sababu uzi wa E hautoi 41 Hz peke yake. Pamoja nayo huja 82, 123, 164 na kuendelea juu, na masikio yetu yakizipata hizo za juu akili huijaza ile ya chini. Ukipanda zaidi, kati ya 700 na 1,000 Hz, ndipo unapokaa mguso wa kidole kwenye uzi, ule unaomwambia msikilizaji kwamba noti imeanza sasa hivi. Besi hueleweka kwa sauti zake za kati. Sauti za chini huipa uzito. Ukishalikubali hilo, utajua cha kutafuta dukani na cha kugusa ukifika nyumbani.

Tazama mgongo wa kifaa kwanza

Ukishika prosesa dukani, igeuze. Matundu ya nyuma yatakueleza mengi kuliko orodha ya sauti iliyochapishwa kwenye boksi. Unatafuta tundu la XLR, lile la pini tatu linalofanana na la maikrofoni. Likiwepo, unaweza kuunganisha moja kwa moja na mikisa kwa waya mrefu bila kuokota kelele njiani. Zoom B6 inalo. Zoom B1 Four, Boss GT-1B na Line 6 HX Stomp hazina, ingawa zote ni vifaa vizuri. Ukinunua mojawapo ya hizo, weka kando pesa ya DI boksi, kile kisanduku kinachogeuza waya wa jeki kuwa XLR, siku hiyohiyo. Chukua ile isiyohitaji umeme wowote, kwa sababu mikisa nyingi ndogo huwasha volti 48 za kulisha maikrofoni na DI kwa chaneli zote kwa pamoja au hazina kabisa, na hutaki kumwomba fundi mitambo abadilishe kitu kinachogusa maikrofoni za watu wengine ibada ikiwa imeanza.

Sasa umeme, na hapa naomba tusiende haraka.

Miaka kadhaa iliyopita nilifika kwenye mkesha nikakuta nimesahau adapta nyumbani. Kijana mmoja wa kwaya akakimbia ofisini akaja na adapta ya ruta ya intaneti. Imeandikwa volti 9, na prosesa yangu inataka volti 9. Jeki ikaingia vizuri kabisa. Nikawasha swichi ya ukutani, taa ya prosesa haikuwaka, na baada ya sekunde chache nikasikia harufu ya plastiki inayoungua. Kilichotokea ni hiki: prosesa na pedali nyingi za gitaa hutaka ncha ya kati ya jeki iwe hasi na ganda la nje liwe chanya. Adapta za ruta, kamera za ulinzi na vinanda vingi ziko kinyume chake, lakini umbo la jeki ni lilelile. Fundi alibadilisha dayodi moja iliyoungua na kifaa kikapona, ila mkesha ule nilipiga bila prosesa.

Kwa hiyo soma mchoro mdogo uliochapishwa kwenye adapta na kando ya tundu la kifaa: duara lililokatika likizunguka nukta. Kama alama ya kutoa imeunganishwa na nukta ya kati, hiyo ndiyo hasi katikati. Baada ya hapo linganisha volti, ambazo lazima zifanane, halafu miliampia. Za adapta zinaweza kuzidi zile kifaa kinazotaka bila madhara yoyote, lakini zisipungue. B1 Four hutosheka na miliampia 500. HX Stomp hudai ampia 3, na ukiipa adapta ya pedali ya kawaida haitafanya kazi. Ukinunua mtumba kutoka Japani, tazama pia upande wa kuingiza umeme. Adapta iliyoandikwa volti 100 peke yake ukiichomeka kwenye umeme wetu wa volti 230 au 240 itaungua hapohapo. Iliyoandikwa 100–240 ni salama.

Betri nazo zina thamani yake kwetu. B1 Four na GT-1B hukubali betri nne ndogo za AA, zile za rimoti kubwa, na umeme ukikatika katikati ya wimbo huku jenereta ikisubiri kuwashwa, kifaa hakizimiki wala hakipati mshtuko umeme unaporudi. Mimi hupiga sherehe nzima kwa betri mpya na kuacha adapta kwenye mkoba. Faida nyingine ni kwamba betri haina njia ya kuleta mvumo wa umeme kwenye sauti.

Baada ya matundu na umeme, hesabu swichi za miguu na nobu. Swichi mbili zinatosha ukiwa na sauti mbili tatu tu. Ukitaka kuwasha na kuzima efekti moja moja katikati ya wimbo, tafuta tatu au zaidi. Nobu za kuzungusha ni bora kuliko kuzama ndani ya kurasa za menyu, kwa sababu jukwaani huna muda wa kutafuta ukurasa.

Ipi basi?

Kwa anayeanza, au anayepiga kanisani kila wiki kwa bajeti ndogo, jibu langu ni Zoom B1 Four na DI boksi. Ni nyepesi, inawasha hadi efekti tano kwa wakati mmoja, ina tyuna, lupa na midundo ya ngoma ya kufanyia mazoezi. Nduguye B1X Four ameongezewa kanyagio la mguu, ambalo ni zuri kwa kupandisha na kushusha sauti lakini si la lazima. Boss GT-1B, iliyotoka mwaka 2017, ni chaguo la karibu na hilo kwa anayependa menyu za Boss.

Kwa anayeishi kwa muziki, mwenye kazi za kila wiki na studio mara kwa mara, HX Stomp ya mwaka 2018 inastahili bei yake. Haikutengenezwa kwa besi peke yake, lakini amplifaya za besi zilizomo ni nzuri, na inakuruhusu kugawa sauti njia mbili, moja ibaki safi na nyingine ipite kwenye ovadraivu, kisha zikutane mbele. Faida yake nyingine ni masasisho. Ilianza kwa kuruhusu vipande sita vya efekti kwa sauti moja, na sasisho la programu likaongeza hadi vinane bila mnunuzi kulipa chochote. Ukifanya sasisho, hifadhi kwanza sauti zako kwenye kompyuta, usilifanye usiku wa kuamkia kazi, na usilifanye siku ambayo umeme unakatikakatika, kwa sababu ukikatika katikati ya sasisho kifaa kinaweza kugoma kuwaka.

Kuna jambo moja wauzaji hawatakuambia. Kama unahitaji sauti moja tu nzuri kila siku, si lazima ununue prosesa. Kifaa cha analogi kama Tech 21 SansAmp Bass Driver DI kina sauti moja ya amplifaya, kina XLR, na kinakubali betri ya volti 9 au umeme wa volti 48 kutoka kwenye mikisa. Wapiga besi wengi wa kazi wamebaki nacho, na sioni sababu ya kuwashawishi waachane nacho.

Ukienda kutafuta, iwe Kariakoo au Luthuli Avenue pale Nairobi, beba gitaa lako na waya wako. Kwa kifaa cha mtumba, bonyeza kila swichi mara ishirini, zungusha kila nobu mwanzo hadi mwisho, kisha ingiza jeki na uitikise taratibu huku ukipiga. Mkwaruzo unaokuja na kupotea ni dalili ya tundu lililolegea, na hilo bei yake ishuke au uondoke. Usihukumu kifaa kwa sauti zilizowekwa kiwandani. Zimetengenezwa kumvutia mtu anayepiga peke yake na hedifoni masikioni, ndiyo maana zimejaa riverbu na korasi ambazo zikiingia kwenye bendi humeza noti zote.

Anza na ukurasa mtupu

Nyumbani, chagua nafasi moja ya preseti na uzime kila kitu ndani yake. Piga. Sauti iliyobaki ni ya gitaa lako, na kama nyuzi zimekufa au freti zinapiga kelele, hakuna efekti itakayoziponya. Badilisha nyuzi kwanza.

Kisha panga nguvu ya kuingia. Piga kwa nguvu zako zote, kama unavyopiga sebene imekolea, na uangalie mita. Isifike nyekundu. Mkwaruzo wa kidijitali unaotokea pale mlangoni hauwezi kuondolewa na kitu kinachofuata. Kama gitaa lako lina betri ndani, hutoa nguvu zaidi, kwa hiyo punguza, na kumbuka kuchomoa waya ukimaliza kupiga kwa sababu jeki ikiwa ndani betri inaendelea kuliwa.

Efekti ya kwanza kuwasha ni ile ambayo watu wengi hawaigusi: kichujio kinachokata sauti za chini kabisa. Kwa besi ya nyuzi nne ikate chini ya 35 Hz, kwa nyuzi tano chini ya 30 Hz. Huko hakuna noti. Kuna mshindo wa kiganja, mtikisiko wa jukwaa na msuguano wa vidole, na spika inapojaribu kuvitoa hivyo inatumia nguvu zake bure. Ukijua ukumbi una spika ndogo, panda hadi 50 au hata 60. Inaonekana kama kumnyima mpiga besi haki yake, lakini jaribu: spika ikipunguziwa mzigo ambao haikuuweza, noti inatoka safi zaidi na unaweza kupandisha sauti bila mngurumo.

Ikwalaiza ifuate. Punguza desibeli 3 kati ya 200 na 300 Hz, eneo ambalo kumbi nyingi za zege na mabati huvuma. Ongeza desibeli 2 hadi 4 karibu na 800 Hz. Kwa rumba na sebene, simama hapo na ushushe trebo kidogo, kwa sababu unataka noti mviringo zenye mdundo wa kidole. Kwa nyimbo za injili zenye kuchapa kwa dole gumba, ongeza kidogo karibu na 2,500 Hz. Kati ya 60 na 80 Hz usiongeze bila kuzungumza na mpiga ngoma. Ngoma yake ya mguu iko hapohapo, na wote wawili mkijazana pale hakuna atakayesikika.

Kuna mtego ambao karibu kila mpiga besi huuangukia. Mwaka 1933 Fletcher na Munson wa maabara za Bell huko Marekani walichapisha vipimo vinavyoonyesha kwamba sikio la mtu husikia vibaya sauti za chini zinapokuwa ndogo, na usikivu huo hupanda kadiri sauti inavyokuwa kubwa. Maana yake kwako ni kwamba ukipanga prosesa usiku chumbani, kwa sauti ndogo ili usiwaamshe majirani, utaongeza besi mpaka uridhike. Kesho yake kwa sauti ya jukwaa, besi ileile itavimba na kufunika kila kitu. Panga kwa sauti kubwa inapowezekana. Isipowezekana, acha besi ionekane pungufu kidogo masikioni mwako.

Kompresa, na kiasi chake

Kama ningeambiwa nibaki na efekti moja, ningebaki na kompresa. Kazi yake ni kushusha noti zilizopigwa kwa nguvu ili zikaribiane na zile za taratibu, na kwenye mikisa hilo humfanya fundi aweze kukuweka mahali pamoja na kukuacha.

Weka uwiano wa 4 kwa 1. Muda wa kuanza uwe karibu milisekunde 30. Huo ni muda wa kutosha mguso wa kidole kupita kabla kompresa haijakamata, na ukiufupisha sana besi inakuwa laini kama iliyofunikwa na mto. Muda wa kuachia uwe karibu milisekunde 120. Kisha shusha kizingiti polepole huku ukipiga kawaida, macho kwenye mita ya kupunguza, mpaka noti zako za nguvu zishushwe desibeli 3 hadi 6. Mwisho rudisha sauti iliyopotea kwa nobu ya kutoa, mpaka kompresa ikizimwa na kuwashwa ukubwa usibadilike.

Kwa sebene mimi huishia kwenye desibeli 3. Uzuri wa besi ya sebene uko kwenye kupishana kwa noti zinazoruka na zile zinazokatwa ghafla na kiganja, na kompresa nzito huzifanya zote zilingane hadi mchezo unakosa uhai. Kwa nyimbo za kuabudu zenye noti ndefu, desibeli 6 zinafaa kwa sababu noti inashikilia muda mrefu bila kufa.

Amplifaya ya ndani na spika ya ndani

Prosesa nyingi huiga amplifaya na kabineti ya spika. Kati ya zinazoigwa zaidi ni Ampeg SVT, ile ya mwaka 1969 yenye wati 300 na kabineti ya koni nane za inchi 10. Ukiingia moja kwa moja kwenye mikisa, washa amplifaya na kabineti zote mbili, maana bila kabineti utasikia mikwaruzo ya juu ya nyuzi iliyo mikali mno. Ukiingia kwenye amplifaya halisi ya besi, zima kabineti ya ndani. Sauti ikipita kwenye spika ya kuigwa kisha kwenye spika ya kweli, inafunikwa mara mbili, na ndiyo sababu watu wengi hulalamika kwamba kifaa kilikuwa kizuri kwenye hedifoni na kibaya jukwaani.

Ovadraivu ni rafiki wa besi kuliko watu wanavyodhani, kwa sharti moja: isiwe asilimia mia. Distosheni hula sauti za chini. Tafuta nobu ya mchanganyo na uiweke kati ya asilimia 20 na 35, sauti safi iendelee kupita chini yake. Ndani ya bendi hutaisikia kama mkwaruzo. Utasikia besi imesogea mbele. Na kama kanisa lenu linarusha ibada mtandaoni, hapa ndipo mtu wa simu anapoanza kukusikia, kwa sababu ovadraivu inatengeneza sauti za kati ambazo spika ya simu inaziweza.

Okteva inashusha noti yako hadi nusu ya mtetemo wake. Uzi wa E wazi ukishushwa unafika karibu 20.6 Hz, kwenye mpaka wa chini kabisa wa masikio ya binadamu, na hakuna spika ukumbini itakayoutoa. Tumia okteva ukiwa juu ya shingo, kuanzia freti ya tano ya uzi wa A kwenda juu, na upige noti moja moja. Iweke mwanzoni mwa mnyororo, kabla ya kompresa na ovadraivu, kwa sababu inahitaji noti safi ili kuitambua. Vichujio vinavyofunguka kwa nguvu ya kidole navyo vikae hapo mwanzoni. Korasi ije baada ya amplifaya, taratibu, kwa nyimbo za polepole. Riverbu achia ukumbi, unayo ya kutosha. Dilei kwa besi mimi siitumii, lakini ukiitaka kwa utangulizi wa wimbo, gawanya 60,000 kwa idadi ya mapigo kwa dakika, na wimbo wa mapigo 120 utakupa milisekunde 500.

Sauti tatu, ukubwa mmoja

Tengeneza preseti tatu. Ya kwanza ni sauti yako ya kila siku: kichujio, ikwalaiza, kompresa, amplifaya. Ya pili ni hiyohiyo pamoja na ovadraivu. Ya tatu ni ya nyimbo za polepole, labda yenye korasi. Ziweke jirani ili mguu usiruke nafasi. Kisha pitia zote kwa noti ileile na ulinganishe ukubwa. Preseti inayoruka desibeli 5 juu ya mwenzake ndiyo inayomfanya fundi mitambo akushushe na kukusahau huko chini. Hakikisha pia kwamba tyuna inazima sauti ukiiwasha, na kwamba umebonyeza kuhifadhi, kwa sababu vifaa vingi husahau marekebisho yote ukibadilisha preseti bila kuhifadhi.

Siku ya kazi

Fika mapema. Mwombe fundi mitambo, kwa heshima ya kazi yake, aanze na chaneli yako ikiwa sawa, bila kuongeza wala kupunguza besi na trebo, na umweleze kwamba umeshakata sauti za chini kabisa. Mafundi wengi hufurahi kusikia hivyo kwa sababu wamezoea kupigana na besi peke yao.

Ukisikia mvumo wa umeme, usijaribu kuukata kwa ikwalaiza. Umeme wetu hutetemeka kwa 50 Hz, na noti ya G kwenye freti ya tatu ya uzi wa E ni 49 Hz. Ukiukata mvumo umeikata na G. Bonyeza swichi ya kutenganisha ardhi iliyopo kwenye DI boksi, sogeza waya wa gitaa mbali na adapta, au hamia kwenye betri. Ambacho hupaswi kufanya kamwe, hata fundi gani akikushauri, ni kukata au kuchomoa waya wa ardhi kwenye plagi ya amplifaya. Waya ule upo ili umeme ukivuja usipitie kwenye nyuzi za gitaa na mikono yako kwenda kwenye maikrofoni unayoigusa kwa midomo.

Mwisho wa majaribio, mpe mwenzako gitaa apige G ileile ya freti ya tatu, taratibu, pamoja na ngoma. Wewe tembea hadi mlango wa nyuma wa ukumbi usikilize. Ukiitambua kuwa ni G ukiwa pale, rudi jukwaani, hifadhi, na usiguse nobu yoyote hadi wageni waondoke.